Chupa Moja, Mikono Mingi: ADAK Inafanya Kazi Gani Hasa, na Nani Anaisimamia?

Oktoba 2025, Ruth Chepngetich alifungiwa miaka 3. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza duniani kumaliza mbio za marathon chini ya saa 2 na dakika 10. Alikimbia kwa saa 2:09:56 mjini Chicago, Oktoba 13, 2024. Miezi mitano baadaye, Machi 14, 2025, alitoa sampuli ya mkojo iliyokutwa na haidroklorothiazaidi, dawa ya shinikizo la damu inayomfanya mtu akojoe sana. Kiwango kilichopatikana ni nanogramu 3,800 kwa kila mililita, ilhali maabara huripoti kuanzia nanogramu 20.

Kila habari ya namna hii inapotoka, lawama za kwanza hutua mlangoni pa ADAK, shirika la taifa la kupambana na pufya, yaani matumizi ya dawa zilizokatazwa michezoni, nchini Kenya. Mmoja husema ADAK imemmaliza bingwa wetu, mwingine husema ADAK imelala. Lakini kesi ya Chepngetich haikuwa ya ADAK. Aliyemfungulia mashtaka ni Kitengo cha Maadili ya Riadha (AIU), chenye makao Monaco, kilichoundwa mwaka 2017 ili kusimamia maadili ya riadha bila kuingiliwa na viongozi wa shirikisho la dunia. Mwanariadha wa hadhi ya kimataifa huwa mikononi mwa AIU. Yule anayeshindana zaidi humu nchini, na wanamichezo wa soka, raga, ndondi, kunyanyua uzani na kadhalika, ndio hasa mzigo wa ADAK.

Mipaka hii inachanganya kwa sababu mwanariadha mmoja anaweza kupimwa na wote wawili. ADAK inaweza kumbishia hodi Jumatatu, na AIU ikamtumia afisa wake Alhamisi. Kumpima mtu, kumshtaki, kumhukumu na kusikiliza rufaa yake ni kazi nne tofauti, na hazifanywi na chombo kimoja. Zikifanywa na chombo kimoja, mambo huharibika. Sisi Wakenya tulilijua hilo kwa njia ngumu.

Nyani na ngedere

Kabla ya ADAK kuwepo, mwanariadha wa Kenya aliyepatikana na pufya alihukumiwa na shirikisho lake mwenyewe. Mfano ulio wazi ni wa Rita Jeptoo. Alikuwa malkia wa marathon za Boston na Chicago, na Septemba 2014 sampuli yake ikakutwa na EPO, dawa inayoongeza chembechembe nyekundu za damu. Januari 2015 Shirikisho la Riadha Kenya lilimfungia miaka 2. Shirikisho la dunia halikuridhika, likakata rufaa katika Mahakama ya Kutatua Mizozo ya Michezo (CAS) mjini Lausanne, na Oktoba 2016 adhabu ikawa miaka 4.

Ukitazama mpangilio ule leo, unashangaa ulidumu vipi. Shirikisho ndilo lililochagua timu, likasafiri na wanariadha, likapokea sifa za medali, kisha likakaa kitini kumhukumu mwanariadha yuleyule lililompigia makofi jana. Ilikuwa kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere, hata kama ngedere mwenyewe ana nia njema.

Shinikizo lilipozidi kutoka nje, Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Pufya ya 2016, na Rais Uhuru Kenyatta akaitia saini Aprili 22 mwaka huo. Wengi tulidhani mambo yamekwisha. Mei 12, shirika la kupambana na pufya duniani (WADA) likatangaza kwamba Kenya bado haijatimiza masharti, kwa sababu baadhi ya maneno ya sheria hiyo hayakulingana na Kanuni ya Dunia, yaani kanuni za WADA kuhusu pufya. Sheria ikarudishwa Bungeni, ikarekebishwa na kutiwa saini upya mwezi Juni. Kenya iliondolewa doa hilo Agosti 4, siku moja kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Rio kufunguliwa. Ilikuwa imebaki siku moja tu!

Kisa hicho huzua swali la haki kabisa: iweje Bunge la nchi huru lilazimike kurekebisha sheria yake kwa sababu shirika lenye makao Montreal halijapenda maneno yake? Jibu liko katika namna WADA ilivyoundwa. Ilianzishwa Novemba 1999, na kisheria ni wakfu wa kibinafsi uliosajiliwa Uswisi, ambao gharama zake hugawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali na vuguvugu la Olimpiki. Wakfu wa kibinafsi hauwezi kuiamuru serikali yoyote. Ndiyo maana mwaka 2005 ukaandikwa mkataba wa kimataifa chini ya UNESCO, ambao serikali zenyewe ziliuridhia na kuahidi kufuata misingi ya Kanuni. Kwa hiyo WADA haiishtaki serikali ya Kenya. Inachofanya ni kuitazama ADAK, ambayo imetia saini Kanuni, na kusema: ninyi mmetimiza au hamjatimiza. Adhabu hupitia michezoni: kunyimwa uenyeji wa mashindano makubwa, bendera kutopepea, viongozi kukosa viti. Nchi haifungwi jela, inaaibishwa, na kwa nchi inayojulikana duniani kwa kukimbia, aibu hiyo inauma kuliko faini.

Saa moja ya kila siku

Kazi inayoonekana zaidi ya shirika kama ADAK ni kupima, na moyo wa kupima ni kushtukiza. Anayepimwa siku ya mashindano pekee anayo kalenda, na mwenye kalenda hupanga dawa zake kulingana nayo. EPO ikitumiwa kwa dozi ndogo ndogo huonekana kwenye mkojo kwa siku chache tu, lakini faida yake kwenye damu hukaa majuma kadhaa. Ndiyo maana vipimo vya maana hufanyika nyumbani na kambini, mbali na mashindano.

Ili kushtukiza kuwezekane, wanariadha walio katika orodha maalumu ya upimaji huandika kila robo mwaka mahali watakapolala, watakapofanyia mazoezi na watakaposhindania. Zaidi ya hayo, kwa kila siku huchagua saa moja, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, ambayo lazima wapatikane pale walipotaja. Afisa akifika ndani ya saa hiyo na asimkute, ni kosa. Kutojaza taarifa au kujaza za uongo pia ni kosa. Makosa matatu ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa ukiukaji wa Kanuni, hata kama mtu hajawahi kugusa dawa maishani mwake, na adhabu ya kawaida ni miaka 2. Elijah Manangoi, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka 2017, alifungiwa kwa njia hiyo baada ya kukosekana mara tatu mwaka 2019.

Ukiyasikia haya kwa mara ya kwanza unaweza kuona ni ukatili. Mtu mzima, mwenye familia na shamba, aripoti aliko kila siku ya mwaka kama mfungwa wa kifungo cha nje? Nimewahi kufikiri hivyo. Nilibadili mawazo nilipoangalia upande wa pili: bila saa hiyo moja, afisa angelazimika kuzunguka Iten, Kaptagat na Kapsabet akiuliza watu “fulani yuko wapi?”, na simu zingefika kabla yake. Saa hiyo ni gharama ambayo mwanariadha msafi hulipa ili mwenzake mdanganyifu akose pa kujificha. Ni gharama halisi, na anayeilipa anastahili kuheshimiwa na mfumo wenyewe, tena zaidi anapoishi kijijini ambako nyumba hazina namba, njia haina jina, na mtandao hupatikana ukipanda kilima.

Kuhusu visingizio, kisa cha Wilson Kipsang hufundisha kuliko maelezo mengi. Kipsang aliwahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathon, saa 2:03:23, aliyoiweka Berlin mwaka 2013. Alipokosekana Mei 17, 2019, alieleza kwamba lori lilipinduka na kuziba barabara, akaleta na picha ya ajali. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ajali ya kwenye picha ilitokea Agosti mwaka huo, miezi mitatu baada ya siku aliyokuwa akiieleza. Mwaka 2020 alifungiwa miaka 4, kwa kukosa vipimo na kwa kujaribu kuvuruga uchunguzi. Hakukutwa na dawa yoyote mwilini.

Simu iliyotangulia

Kushtukiza huko kunaweza kuvunjwa na upande wa mpimaji pia, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mara tatu mfululizo, alitoa sampuli Iten mwishoni mwa Novemba 2017. Ikakutwa na EPO. Katika kujitetea alisema afisa alimjulisha siku moja kabla kwamba anakuja, na kwamba aliombwa pesa. AIU ilikiri hadharani kwamba kweli taarifa ya mapema ilitolewa, kinyume cha utaratibu. Ilisisitiza, na jopo likakubali, kwamba simu ya mapema haiwezi kuingiza EPO kwenye mkojo wa mtu, na Aprili 2019 Kiprop alifungiwa miaka 4. Upimaji ule ulikuwa wa chombo cha kimataifa, si wa ADAK. Lakini hilo halipaswi kutufariji, kwa sababu hatari ni ileile kwa yeyote anayepima katika eneo hilo.

Tafakari jinsi dunia ya riadha ya Bonde la Ufa ilivyo ndogo. Wakimbiaji, makocha, madereva, wauguzi, walimu, askari na wenye hoteli wanafahamiana, wamesoma shule zilezile, wameoana. Afisa anayechukua sampuli ni binadamu mwenye shemeji na jirani. Simu ya kirafiki ya sekunde kumi, “ndugu, kesho usiende mbali,” inatosha kubatilisha tiketi ya ndege, gari, vifaa na majuma ya kupanga. Na mwanariadha anayepigiwa simu hiyo hahitaji hata kukimbia: akinywa maji mengi, akaahirisha sindano, siku imepita.

Kwa hiyo shirika lolote la kupambana na pufya huishi kwa kujiweka mbali: na shirikisho, na mwanariadha, na wanasiasa. Katika nchi ambako udugu ndio utaratibu wa maisha, kujiweka mbali si tabia inayokuja yenyewe. Inabidi ijengwe kwa sheria na utaratibu: afisa asiambiwe atampima nani hadi dakika za mwisho, asitumwe kijijini kwake, atangaze uhusiano wowote alio nao, na wenzake wawe na njia ya kuripoti bila kuogopa. Tangu mwaka 2021, kumtishia au kumlipizia kisasi anayetoa taarifa ni ukiukaji unaojitegemea katika Kanuni ya Dunia, na kwa maoni yangu hiyo ni moja ya ibara zilizochelewa sana kuandikwa.

Safari ya chupa

Afisa anapomkuta mwanariadha, hamwachi machoni hadi kazi iishe. Mkojo hutolewa mbele ya shahidi wa jinsia moja na mwanariadha, anayeona kabisa unapotoka. Wasichana wengi wanaopimwa mara ya kwanza hufadhaika, na ni wajibu wa ADAK kuwaandaa mapema badala ya kuwaacha waligundue jambo hili mlangoni. Zinahitajika angalau mililita 90. Mwanariadha huchagua mwenyewe vifaa vilivyofungwa, humimina mwenyewe kwenye chupa A na chupa B, huzifunga mwenyewe na kukagua namba. Fomu huandikwa dawa alizotumia siku za karibuni, na nakala inayokwenda maabara haina jina lake, ina namba tu. Mchambuzi hajui kama anapima bingwa wa Olimpiki au kijana wa mbio za kaunti.

Kenya haina maabara ya mkojo iliyoidhinishwa na WADA. Chupa hupandishwa ndege, mara nyingi kwenda Doha au Ulaya. Maabara za aina hiyo duniani kote ni kama 30, na kuiendesha moja kunahitaji wataalamu, mashine na maelfu ya sampuli kila mwaka. Damu ndiyo ilipata nafuu. Damu ya kuchunguza chembechembe huharibika haraka na lazima ifike maabara ikiwa baridi, hivyo mwaka 2018 maabara moja ya Nairobi iliidhinishwa kwa kazi hiyo. Afisa anayetoka Iten asubuhi na mapema anaweza kufikisha damu Nairobi siku hiyohiyo.

Damu hiyo ndiyo chakula cha kinachoitwa pasipoti ya kibiolojia, na hapa watu hukanganyika sana. Pasipoti haitafuti dawa. Ni rekodi ya damu ya mtu mmoja kwa miaka, ikionyesha kiasi cha himoglobini, chembechembe nyekundu changa na mambo mengine kadhaa, akilinganishwa na yeye mwenyewe. Mstari ukipanda na kushuka kwa namna isiyoelezeka kwa ugonjwa, ujauzito au mazoezi ya nyanda za juu, wataalamu watatu wasiojua jina lake huulizwa maoni yao. Rhonex Kipruto alifungiwa miaka 6 mwaka 2024 kwa msingi huo, akapoteza rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya dakika 26:24 na medali ya shaba ya mashindano ya dunia ya Doha 2019, ingawa alikana na hakuna chupa yake iliyokutwa na dawa. Wapo wanaoona ni dhuluma kumfunga mtu bila kumwonyesha dawa. Mimi naona ni kama polisi kukuta nyayo badala ya mwizi: nyayo nazo ni ushahidi, ila anayezisoma lazima awe amehitimu, na asiwe na haraka.

Dawa ya mjakazi

Chepngetich aliieleza AIU kwamba aliugua akanywa dawa ya mjakazi wake. Maelezo hayo hayakuwa ya kwanza kuyatoa, na AIU ilipima kwamba kumeza dawa ya mtu mwingine bila kuuliza ni uzembe wa kiwango cha kuhesabiwa kama kusudi. Miaka 4 ikapunguzwa kuwa 3 kwa sababu alikiri mapema.

Msingi wa Kanuni ni mmoja: mwanariadha anawajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake. Nia yake huamua urefu wa adhabu tu. Dawa ya kuongeza mkojo hairuhusiwi hata isipoongeza kasi, kwa kuwa inaweza kuficha dawa nyingine kwa kuuzimua mkojo. Mwenye ugonjwa wa kweli huomba idhini ya matumizi kwa tiba, na kamati ya madaktari huamua. Hiyo ni kazi nyingine ya ADAK isiyotangazwa magazetini, na ingefanyika vizuri zaidi kama wakimbiaji wangekuwa na daktari wa kumwendea.

Wengi hawana. Wanacho kemisti cha mjini na kliniki ya jirani. Oktoba 2022 AIU ilieleza kwamba tangu mwaka uliotangulia Wakenya 10 walikuwa wamekutwa na triamsinoloni, dawa ya kupunguza uvimbe inayodungwa kwenye kiungo au msuli, wakati katika dunia nzima nje ya Kenya ni wanariadha 2 tu. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa tabia ya mkimbiaji mmojammoja. Inaonyesha mkono wa anayeuza na anayedunga. Na mara nyingine mkono wa anayeandika: Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza wa kike kutwaa dhahabu ya marathon ya Olimpiki, mwaka 2016, alikutwa na EPO mwezi Februari 2017. Hati za matibabu alizoleta kujitetea zikakanwa na hospitali iliyotajwa. Kifungo cha miaka 4 kikaongezwa kuwa 8.

Hapa ndipo ninaposikitika zaidi. Mkimbiaji hufungiwa, jina lake huandikwa kila mahali, na mkataba wake wa viatu hukatika. Aliyemdunga anafungua duka lake kesho asubuhi. Sheria ya 2016 inawagusa wasaidizi wa wanariadha, na inataka ADAK ishirikiane na polisi, forodha na wasimamizi wa dawa. Lakini shirika la michezo halina pingu. Linaweza kukusanya taarifa na kuzikabidhi, basi. Bila wapelelezi na waendesha mashtaka kulitazama suala hili kama la afya ya umma, mzigo wote unamwangukia kijana wa miaka 22 aliyeambiwa kuwa ni vitamini.

Nani anamhukumu, nani anamlipa

Kesi zinazofunguliwa na ADAK husikilizwa na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo jijini Nairobi, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013 na ambalo wanachama wake huteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama. ADAK hufika pale kama mshtaki, ikiwa na mzigo wa kuthibitisha, na inaweza kushindwa. Kwa mwanariadha wa kimataifa rufaa huishia CAS. WADA nayo inaweza kukata rufaa dhidi ya uamuzi inaouona ni mwepesi mno.

Utawala wa ndani ni wa kawaida kwa shirika la umma: bodi juu, mtendaji mkuu chini yake, wizara ya michezo kama mlezi, na fedha kutoka bajeti ya taifa. Ugumu uko hapo hapo. Wizara inayotaka medali ndiyo hiyo hiyo inayopitisha fedha za kuwapima wanaoleta medali. Hakuna haja ya kumshuku mtu yeyote ili kuona ugumu huo. Urusi ilionyesha ulimwengu mwisho wa njia hiyo, pale chupa zilipobadilishwa usiku kupitia tundu la ukuta wa maabara ya Sochi mwaka 2014 kwa msaada wa vyombo vya dola. Kanuni ya 2021 iliweka sharti kwamba shirika la taifa liwe huru katika maamuzi ya kazi, na kwamba afisa wa serikali anayehusika na michezo au kiongozi wa shirikisho asishiriki kuamua nani apimwe au nani ashtakiwe.

Uhuru wa karatasi, hata hivyo, hauendeshi gari. Mwishoni mwa 2022, idadi ya Wakenya waliofungiwa ilipofikia kiwango cha kutisha, Shirikisho la Riadha Duniani lilifikiria kuifungia Kenya nzima. Iliponea kwa serikali kuahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 za kuongeza upimaji, uchunguzi na elimu. Tangu hapo Wakenya wanapimwa zaidi, na anayepima zaidi hunasa zaidi, jambo ambalo wasomaji wa vichwa vya habari husahau. Kwa upande wa riadha, Kenya iko katika kundi A la nchi zenye hatari kubwa: mwanariadha hawezi kwenda mashindano ya dunia wala Olimpiki bila kupimwa kwa kushtukizwa angalau mara 3 nje ya mashindano katika miezi 10 iliyotangulia. Wanariadha 10 wa Nigeria walijua uzito wa sharti hilo walipozuiwa Tokyo mwaka 2021. Hawakukutwa na dawa, ila nchi yao haikuwapima inavyotakiwa. Fedha za ADAK zikichelewa, anayeumia ni mkimbiaji msafi aliyeshinda mchujo.

Na fedha si kila kitu. Mwaka 2025 WADA iliituhumu ADAK kutotimiza masharti, kwa kuwa kasoro zilizoonekana katika ukaguzi wa Mei 2024 hazikuwa zimerekebishwa kwa wakati. Mapema Oktoba ikawekwa katika orodha ya uangalizi, ikapewa muda wa kujirekebisha. Mpimaji naye hupimwa, naye huandikwa.

Rekodi ya Chicago bado imesimama, kwa kuwa matokeo yaliyofutwa ni ya kuanzia Machi 14, 2025, na hakuna kipimo kilichotangazwa kuitia doa siku ile ya Oktoba. AIU imesema itaendelea kuchunguza mambo ya kutia shaka yaliyokutwa kwenye simu ya Chepngetich. Kanuni huruhusu sampuli kuhifadhiwa na kupimwa upya kwa miaka 10, kwa mbinu ambazo bado hazijavumbuliwa. Kiprop mwenyewe alipata dhahabu yake ya Olimpiki ya 2008 kwa njia hiyo, pale sampuli ya Rashid Ramzi wa Bahrain, aliyemshinda Beijing, ilipotolewa kwenye barafu na kupimwa tena mwaka 2009. Miaka minane baadaye afisa alibisha mlango wa Kiprop kule Iten, akiwa na vifaa vya kuchukulia sampuli.